Samli ya Nyayo

Vidole vya mguu vilikuwa vinne. Felista alivipapasa tena kwa mkono uliojaa samli. Vinne.

Mume wake ana vitano.

Alikuwa amemwacha mumewe kwenye kigoda, amejifunika blanketi juu ya chungu cha majani ya mkaratusi, anajifukiza mafua. Akaenda kwa jirani kuomba samli ya kumsugua nyayo, kama bibi yake alivyomfundisha. Aliporudi, blanketi ni lile lile na mguu umechomoza. Akapiga magoti, akaanza kusugua.

Sasa akakumbuka ni nani aliyekatwa kidole na shoka siku ya kufyeka shamba la ujamaa. Baba mkwe.

Tangu aolewe hajawahi hata kumpa mkono. Kule walikotoka kila mtu alikuwa na boma lake, na mkwe humpisha mkwe njiani. Huku kijijini wamepewa nyumba moja, wote humo humo.

Akiuachia mguu ghafla, mzee atajua kwamba amegundua. Akiendelea, amevunja mwiko kwa kusudi. Samli ikaanza kuganda mkononi.

"Felista," mumewe aliita kutoka uani, "nimempisha baba ajifukize kwanza, amezidiwa. Umemwona?"



Chini ya blanketi mzee alikohoa kidogo. Kisha mguu wa pili ukatoka, polepole, ukatulia kando ya goti lake.