Pilipili ya Glasi ya Tatu

Glasi tatu za maji zilikuwa mezani, na baba mtu alishapiga marufuku: asiguse mtu.

"Na chai tunywee viganjani?" mkewe aliuliza.

"Subiri! Mtoto siku ya nne hii tumbo linamkata, daktari kauliza tunamlisha nini. Leo nitajua."

Chumba cha pili binti yao wa miaka sita alikuwa analia, sauti imemkauka. Ndiye mtoto wao pekee.

Baba mtu akanyunyizia manjano glasi ya kwanza, hakukoroga. Unga ukatua chini, maji yakabaki na rangi hafifu tu. Safi. Glasi ya pili, mdalasini. Nao safi. Akamtazama mkewe kwa jicho la pembeni, kana kwamba ndiye aliyemficha mwizi uvunguni.

Ya tatu, pilipili. Loo! Haijafika hata chini, michirizi myekundu imeshatapakaa. Akamwaga maji, akasugua mashapo kwa kidole. Yakakwaruza.

"Tofali," alisema. "Tofali la kuchoma, limechekechwa mara mbili kwa kitambaa, kisha likatiwa rangi ya mikeka."

"Makubwa! Hizo mara mbili umezijuaje?"

"La mara moja ungelisikia kwenye meno." Akageuka, amevimba kwa hasira. "Si nilikwambia unga wa kununua usiingie humu? Pilipili nakuletea nzima, utwange mwenyewe!"

"Nitwangie wapi? Kinu kimepasuka wiki mbili sasa, nimekwambia mpaka nimechoka. Nimenunua kwa mama wa genge la kona."

Baba mtu akatoka mbio na ile glasi, mguu mmoja ndala, mwingine kiatu. Mkewe akambeba mtoto mgongoni, akamfuata.

"Muuaji mkubwa wewe!" alifoka pale gengeni, na wateja wakaanza kusogea. Akainua glasi, kila mtu ayaone yale mashapo. "Unalisha watoto wa watu matofali! Leo unalala polisi. Mtu wa kufanya haya hajui uchungu wa mwana!"

"Huyu anyongwe tu," mteja mmoja alidakia.

"Anyongwe!" baba mtu aliitikia.

Mama wa genge hakuogopa. Alikuwa na hasira.

"Baba, usinivunjie heshima. Mimi mashine ya kusagia sina. Nanunua gunia kwa jumla, napima kwa kijiko, basi." Akaliburuta gunia kutoka chini ya meza, akaligeuza upande wenye maandishi. "Haya, soma, umfuate aliyesaga."

Baba mtu hakusoma.

Mkewe ndiye aliyeinama, mtoto akigumia mgongoni, akasoma kwa sauti, neno moja moja: jina la mumewe, na chini yake, namba yake ya simu.