Mguu wa Marehemu

Tangu mataifa yalipotia saini mkataba wa kutotupa kitu, vifaa vyote vya marehemu vilirudishwa kwenye kituo cha ugawaji, wakapewa wengine wenye shida. Bi Mwanahawa aliurudisha mguu wa bandia wa mumewe siku ya tatu tu baada ya maziko, maana kuuona kulimuumiza.

Miezi minne baadaye, sokoni Lindi, aliuona umevaliwa na muuza nazi. Ile alama ya kuunguzwa na jiko ilikuwa palepale kisiginoni.

"Mguu huo unakufaa, baba?" aliuliza.

"Unanifaa, mama, nashukuru. Ila unabana gotini. Ikifika jioni machozi hunitoka."

Mumewe alilalamika hivyohivyo kwa miaka sita, na kila mara Bi Mwanahawa alimjibu, "Acha kudeka."