Kiganja cha Mama

Siku hizi kuta ndizo zinazopima homa. Mwenye homa hufungiwa chumbani, na anayeruhusiwa kuingia kwake ni mgonjwa mwenzake tu. Nilikuwa nimejikunja kitandani, nikitamani kiganja cha mama kwenye paji langu, niliposikia harufu ya mchaichai na mwarobaini.

“Mama, usinipikie nyungu! Kwa homa hii mvuke utaniangusha.”

“Sikupikii wewe, Mwajabu. Najifukiza mwenyewe.”

Nikamsikia akihema chini ya blanketi mpaka ukuta ukatangaza, “Mgonjwa wa pili.” Mlango ukafunguka. Mama akaingia akitiririka jasho, akanishika paji.

“Alhamdulillahi, mbona umeshapoa!”

Kiganja chake kilikuwa cha moto kuliko paji langu. Nilikifunika kwa mikono yangu miwili, kisiondoke.