Aprili Ilitangulia Juni

Kidole cha pili kilivunjika kwa urahisi zaidi kuliko cha kwanza. Obonyo alilia, na akaona aibu kulia, kwa sababu yule mtu alicheka.

"Bado vinane," mtu huyo alisema. Hakuficha uso wake wala hakutaja jina lake. Obonyo alimwita Mkubwa, naye akalipenda jina hilo.

Mwenzake alisimama kando ya magunia matupu, boshori limeshuka hadi shingoni, macho tu yanaonekana. Tangu wamkamate Obonyo asubuhi pale Kondele, mjini Kisumu, wamlete kwenye ghala hili bovu la mpunga nyuma ya Katito na kumfunga kitini, hakuwa amefungua kinywa. Mkubwa akitaka maji, analeta. Akitaka chuma, analeta. Yeye akiwa na neno, anamgusa Mkubwa bega, wanatoka kunong'onezana nje.

Walichotaka ni video. Ndani yake Winny, muuza omena, anafunga kibanda chake siku ya maandamano, na mtu anamfyatulia risasi mgongoni. Mtu huyo anageuka, uso wake unaonekana wote. Ni uso huu huu uliokuwa ukimwinamia Obonyo sasa. Kisumu imezika watu uchaguzi baada ya uchaguzi, maandamano baada ya maandamano, na kila mara tunaambiwa muuaji hajulikani. Huyu alijulikana.

"Ile ya kwanza tumechoma pamoja na kompyuta yako," Mkubwa alisema. "Nakala ya pili iko wapi? Kwa Mukhwana, kwa Griffins, ama kwa huyo msichana wenu, Nakhumicha?"

Hao watatu na Obonyo ndio waliokuwa kundi zima. Kila Jumamosi walikutana chumba cha juu cha duka la vipuri, wakala ugali na omena, wakagombana hadi mwenye duka akagonga dari kwa ufagio. Ugomvi wao ulikuwa BSD, mifumo ya kompyuta ambayo hakuna mwingine mjini aliyeijali: nani aliianzisha, nani alimfukuza nani, nani aliwasaliti wenzake.

Nakala ya pili ilikuwa kijijini Pap Onditi, kwa Nakhumicha, ndani ya pipa la mtama. Mahali ilipo palijulikana na aliyeitoa na aliyeipokea, basi. Lakini kwamba ipo, hilo walilijua wanne tu, na sasa Mkubwa pia alilijua.

Obonyo alitema damu. "Mkubwa, wewe hata hujui mashine yenye hiyo nakala inatumia nini."

"Nielimishe, profesa."

"Inatumia BSD. Nikikueleza historia yake, utamjua mwenye kuikalia."

Mkubwa alivuta debe, akakaa. Kazi yake ilimfundisha kwamba mtu akishaanza kuongea, mwache aongee. "Anza."

"Ilianza chuo kikuu kimoja huko Kalifonia. Walichukua Unix, mali ya kampuni ya simu, wakaiandika upya kidogo kidogo na kuigawa. Ikanoga. Kampuni ikaona inaponyokwa, ikakimbia kortini. Matajiri ni wale wale, bana. Wanakuacha ulime wee, mahindi yakikomaa wanakumbuka shamba ni lao."

"Fupisha."

"Mukhwana wetu husema, kati ya faili elfu kumi na nane, ni tatu tu zilizoondolewa baada ya kesi. Mukhwana ni mjinga. Nusu nzima ilikuwa ya wizi!"

Akanyamaza, macho yake kwenye magunia. Upepo uligonga mabati. Hakuna aliyesema neno, na uso wa Obonyo ukalegea kidogo, kama wa mtu aliyepewa maji.

Chuma kilitua gotini. Yowe lake liliwarusha ndege waliokuwa juu ya paa.

"Nimekuuliza nakala! Nani amekuuliza faili?"

"Nakuja huko, Mkubwa, nakuja!" Obonyo alihema, kamasi na damu zikimchuruzika kidevuni. "Kesi ikiwa bado inaendelea, watu wakaanza kugawanyika. Kukatoka ndugu wawili. Wa kwanza ni FreeBSD. Huyo ndiye kifungua mimba. NetBSD wakaja nyuma, wakanakili kazi ya wenzao, wakabadilisha jina. Wezi wa kuku tu."

Yule wa boshori alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Mtu wa NetBSD anakula makombo," Obonyo aliendelea, kwa sauti zaidi. "Anakula makombo na anajiita mwenye karamu. FreeBSD ilitangulia, kila mtu anajua, hata mtoto wa nasari anajua..."

"Aprili!" Sauti ilipasuka kutoka kwenye magunia. "NetBSD ilitoka Aprili tisini na tatu, wewe fala! FreeBSD hata jina haikuwa nalo mpaka Juni!"

Mkono wa yule mtu ulikuwa umeruka kuziba mdomo, juu ya boshori.

"Omera, ndugu yangu Griffins," Obonyo alisema, akitabasamu kwa meno yaliyobaki. "Nilijua hiyo huwezi kuiacha ipite."

Mkubwa aliangua kicheko, akapiga paja. "Haya, umemjua. Itakusaidia nini? Utamwambia nani?"

"Nitakuambia wewe. Nakala ya pili iko kwake. Nilimpa kwa mkono wangu huu uliouvunja. Kumbe hajakuambia?"

"Anadanganya!" Griffins alilivua boshori, jasho likimtiririka. "Mkubwa, naapa kwa mama yangu mzazi, mimi sina kitu!"

"Kila anayeingia hapa huapa hivyo hivyo," Mkubwa alisema. Hakuwa anacheka tena.

Aliinama, akaanza kumfungua Obonyo kamba. Kiti kilikuwa kimoja tu.