Mlango Unamjua Bibi Tu

"Umefunguka! Bibi, mlango umekutambua!"

Tunu alirukaruka uani mpaka kanga ikamvuka. Tangu bibi yake, Bi Sikudhani, atimize miaka sabini, mtaa ulikuwa umelifuta jina lake kwenye faili la nyumba, lile linaloiambia nyumba imtambue nani, kama unavyowafuta wazee wote. Basi nyumba ikaacha kumjua: mlango haumfungukii, jiko haliwaki, bomba halitoi tone. Baba yake Tunu, mtoto wa kumzaa mwenyewe, alisema tu, "Sheria ni sheria, mama," akamtandikia mkeka uani.

Lakini Tunu chuoni anasomea programu. Akaandika funksheni yake, yaani kijiprogramu cha kwenye simu, akaiita Rudisha: ukiigusa tu, inafungua faili, inaandika jina la Bibi, inafunga. Jioni hii ameigusa.

Bibi akaingia, akabandika chai. Tunu akamfuata mbio, mlango ukajifunga puani pake.

"Mgeni," nyumba ikasema.

Mama yangu! Kumbe aliliamuru faili liandikwe upya, badala ya kuongezewa jina. Wote wamefutika, kabaki Bibi peke yake.

Baba akarudi kutoka kazini, akagonga weee. "Mama, fungua! Mimi mwanao!"

"Nyumba haikujui, baba," Bibi akajibu dirishani, akipuliza chai. "Si sheria ni sheria?"

Tunu alicheka mpaka akakaa chini. "Haya Bibi, nifungulie mimi basi, nilirekebishe faili."

Bibi akanywa funda moja, taratibu.

"Mkeka wangu huo hapo, lalieni. Uani kuna mambo, wanangu. Mengine nitawasimulia kesho, nikiwafungulia."