Supu ya Mizizi

Daktari alivuta kope la mgonjwa kwa kidole gumba, na Kathambi akaona jicho la mumewe limekuwa manjano kama kiini cha yai la kienyeji.

"Ini linakufa," daktari akasema. "Kuna kitu kinaliua. Amekunywa mitishamba yoyote?"

Mama mkwe akawahi kujibu. "Daktari, sisi ni watu wa kanisa. Mambo ya waganga hatuyajui."

Wala hakuwa anadanganya. Kwake yeye, mizizi iliyochemshwa na mifupa ya mbuzi si dawa, ni supu. Sufuria ilikaa mekoni kwake Mikinduri mwezi mzima, ikiongezwa maji na mizizi mipya kila asubuhi, ile ya zamani ikiachwa humo humo. Mwanawe alikuwa anaumwa mgongo tu alipoanza kuinywa.

Chupa ya chai iliyojaa supu hiyo ilikuwa mapajani pa Kathambi. Joto lake lilipenya leso. Akaishika chupa kwa mikono miwili, akamtazama daktari. Tangu aolewe hajamkosoa mama huyu hata kwa chumvi ya mboga, sembuse mbele ya mgeni.

"Mkikumbuka chochote, mniite," daktari akasema, akahamia kitanda cha pili.

Mama mkwe akampangusa mwanawe jasho. "Mpatie supu, mwanangu. Isipoe."

Kathambi akafungua kifuniko. Uchungu wa mvuke ukampanda puani. Mumewe, aliyekataa uji siku mbili, akajikaza, akainua kichwa, akamfungulia kinywa.