Aliyeambiwa Kwanza

Walipomwambia akae, dereva alibaki amesimama. Hakutaka kuchafua kiti. Ovaroli lake lilikuwa na masizi mpaka kwenye kola, na juu ya masizi kulikuwa na ule unga mweupe wa mtungi wa kuzimia moto. Hakuwa amerudi nyumbani tangu jana. Mpaka kunakucha alikuwa mdomoni mwa mgodi, akiwasubiri waliokwenda kumtoa mpiga baruti aliyebaki chini.

"Kaa tu," alisema mkaguzi. "Kiti kitafutwa."

Akakaa. Mkaguzi alikuwa mgeni, ametumwa kutoka makao makuu, na buti zake za mgodini hazikuwa na hata mkwaruzo. Kando yake alikuwepo mwakilishi wa wafanyakazi, mtu mnene aliyemjua kila mtu pale, na watoto wa kila mtu kwa majina.

"Anzia pale moto ulipoanza."

Dereva alieleza kama mtu anayesoma tangazo la ukutani. Alikuwa anapandisha lori la mawe kutoka chini kabisa. Akanusa oili. Akaona moshi, kisha moto ukichungulia pembeni ya injini. Akazima injini, akafunga breki, akashuka na mtungi. Unga ukaisha, moto haukuisha. Matairi yakashika moto. Akachukua redio, akawaambia walio chini wakimbilie chumba cha kujihifadhi.

"Walijibu?"

"Mpiga baruti alijibu. Alisema, 'Breki, mnachoma nyama huko juu bila kutualika?'"

Breki ndilo jina walilompa mgodini, kwa kuwa hakuwahi kushika mteremko bila kujaribu breki kwanza. Mpiga baruti ndiye aliyelianzisha.

"Halafu?"

"Halafu akaacha utani. Akawasukuma wenzake mbele, wakaingia wote. Yeye hakufika."

Mkaguzi alitazama dirishani. Getini, mtu alikuwa juu ya ngazi, akibandua kwenye ubao tarakimu za siku zilizopita bila ajali.

"Oili ilitoka wapi?"

"Kwenye mpira wa oili. Ulikuwa umechakaa, unadondoshea bomba la moshi."

"Ulijuaje?"

Kabla hajajibu, simu ya mkaguzi iliita. Akatoka nayo nje. Mwakilishi alivuta kiti chake haraka, akainama.

"Breki, nisikilize. Lori limebaki vyuma vitupu. Hakuna mtu duniani anayeweza kujua ule mpira ulianza kuvuja lini. Sema uliona moshi, basi, yaishe."

"Mtu amekufa."

"Amekufa, na hatarudi. Lakini yule unayetaka kumtaja naye ana watoto."

"Najua ana watoto," alisema dereva.

Mkaguzi alirudi. "Tuliishia kwenye mpira. Uliujuaje?"

"Niliuona wiki iliyopita."

Mwakilishi alifumba macho.

"Na uliripoti?"

"Niliripoti."

"Mbona sioni fomu yoyote?"

"Sikujaza fomu. Nilimwambia fundi mkuu kwa mdomo. Alikuwa anakunywa chai."

"Akasemaje?"

"Akasema nisiandike. Nikiandika, lori litasimamishwa na karakana itakosa tuzo ya usalama. Akasema mpira mpya ukifika ataufunga mwenyewe."

"Na wewe ukamwamini."

"Nimezoea kumwamini."

"Una ugomvi naye?"

"Sina."

"Unaelewa kwamba kazi hana tena? Na huenda akafikishwa mahakamani?"

"Naelewa."

"Wewe pia utaulizwa kwa nini uliendelea kuliendesha."

"Niulizwe."

Alisomewa maelezo yake, akatia sahihi. 

Walitoka pamoja. Jua la mchana lilikuwa kali, lakini dereva hakulisikia mwilini. Karakana ilikuwa imefungwa. Mafundi wote wameambiwa wakakae nyumbani mpaka waitwe. Mwakilishi alitembea naye hadi getini, kisha akamshika kiwiko.

"Sasa, Breki, leo utalala wapi?"

"Nyumbani."

"Njoo kwetu. Kitanda kipo, na hakuna atakayekuuliza kitu."

"Nitalala nyumbani."

Alikwenda kwa miguu. Njiani watu walisimamisha mazungumzo yao alipopita. Muuza duka alitoka hadi barazani akampa pole. "Nimeshapoa," alijibu, kama watu wanavyojibu. Alijaribu kuikumbuka sura ya mpiga baruti, akapata buti tu, zile zilizokuwa zimechomoza kwenye machela. Alijaribu kulia, kama mtu anavyojaribu kupiga chafya, na machozi hayakuja. Akaona ni mamoja, akaendelea na safari.

Mbele ya nyumba yake nguo ndogo ndogo zilikuwa zimeanikwa, zimeshakauka. Alizipita. Alisugua nyayo za buti kwenye ngazi, akasimama, akazisugua tena.

Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga. Fundi mkuu alikuwa amesimama kizingitini, mtoto amemlalia begani.

"Umenitaja?"

"Nimekutaja."

Fundi mkuu aliitikia kwa kichwa, akasogea kando kumpisha.

"Ingia, mke wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Polepole tu, ndiyo kwanza amelala."